Aliitikia Bila Kuelewa

Kila asubuhi Mama alipiga deki chumba chao, kisha akaenda kupiga deki vyumba vya watu. Kazi yake ilikuwa kusafisha mabafu na vyoo katika hoteli moja kubwa ya ghorofa sita. Aliifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na moja. Vyoo vyake viling'aa. Wenzake walimtania kwamba kwenye choo cha Mama mtu angeweza kuandaa chakula akala. Mama aliwajibu, "Kuleni ninyi, mimi nimeshiba."

Binti yake naye alipata kazi hapo hapo akiwa na miaka kumi na tisa. Yeye alitandika vitanda. Kazi ilipoisha saa kumi jioni, alivua aproni, akachukua daftari lake, akaenda kusoma Kiingereza katika darasa la vijana lililokuwa mtaa wa pili. Wafanyakazi wenzake walimpa jina la Mkalimani, na jina likamganda. Mtu akipata ujumbe wa Kiingereza kwenye simu, alimpelekea yeye.

Mama alivimba kwa fahari. "Mwanangu Kiingereza anakinywa kama maji," aliwaambia watu, hata wale ambao hawakuuliza.

Ukweli ulikuwa mwingine. Mkalimani alijua kusalimu, kuomba radhi na kushukuru, na hayo aliyasema vizuri sana. Lakini mtu akizungumza haraka, maneno yalimpita. Wiki ya kwanza darasani alinyosha mkono akasema hajaelewa. Vijana wenzake wakaangua kicheko. Mwalimu aliwanyamazisha, lakini binti alikuwa ameshaungua masikio kwa aibu. Tangu siku hiyo hakuuliza tena. Akiulizwa kama ameelewa, alitabasamu na kuitikia kwa kichwa.

Alidhani hiyo ndiyo adabu. Alidhani ukimwambia mkubwa "sijaelewa," ni kama kumwambia kwamba hajui kueleza. Tusimcheke. Wengi wetu tumelelewa hivyo hivyo, na wengi wetu bado tunaitikia mambo tusiyoyajua.

Jumatatu moja msimamizi mpya aliwaita wasafishaji wote stoo. Alikuwa ametoka nchi nyingine na hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji, kwa hiyo walimwita Bwana Mgeni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu, na haraka yake ilikuwa ya kila siku.

Mezani aliweka madumu mawili. La kwanza walilijua. Lilikuwa la klorini, ile dawa ya kung'arisha ambayo Mama aliitumia miaka yote. La pili lilikuwa geni. Lilikuwa la asidi ya kuondoa ukoko mgumu vyooni. Maandishi yake yote yalikuwa ya Kiingereza.

Bwana Mgeni alieleza. Aligusa dumu moja, akagusa la pili. Alikutanisha viganja, akakunja uso, akatikisa kidole, akaendelea kusema. Mkalimani alisimama mbele kabisa, maana ndiko alikosukumwa na wenzake. Katika maneno yote hayo aliyashika machache tu: choo, kali, pamoja. Mengine yalipita kama gari lisilosimama kituoni.

Bwana Mgeni akamgeukia. Alimwuliza kama wameelewa.

Mkalimani akatabasamu. "Yes, sir. Thank you, sir."

Bwana Mgeni akaridhika, akatia alama kwenye karatasi yake, akaondoka.

Wanawake saba wakamzunguka binti. "Haya, Mkalimani, amesemaje?"

Hapo ndipo angeweza kujiokoa. Neno moja tu lingetosha. Lakini mama yake alikuwa amesimama pale, kidevu juu, akiwaangalia wenzake mmoja mmoja.

"Amesema hii mpya ni kali," Mkalimani alijibu. "Amesema... tuitumie pamoja na ile ya zamani. Choo kitatakata zaidi."

Mtunza stoo, mzee ambaye kila mtu alimwita Baba Stoo, alikuna shavu. "Pamoja? Una hakika, binti yangu? Maana yule bwana alikunja uso."

"Baba Stoo, si ndiyo nimesema!"

Mama alimtazama binti yake kwa muda kidogo. Kisha, Baba Stoo alipowagawia kila mmoja madumu, akachukua yake mawili, akaelekea kwenye ngazi.

Bafu la kwanza la Mama siku hiyo lilikuwa ghorofa ya nne. Halikuwa na dirisha. Alifunga mlango ili maji yasitoke, kama alivyozoea. Akamimina klorini chooni. Kisha akamimina asidi juu yake.

Mkalimani alikuwa chumba cha pili akitandika shuka. Alisikia kikohozi. Mwanzoni hakushtuka, maana dawa za vyoo huwakohoza watu. Kisha kikohozi kikawa hakina mwisho. Kisha ikasikika ndoo ikianguka.

Alikimbia. Alipofungua mlango wa bafu, hewa yenye rangi ya manjano ilimpiga usoni na macho yakawaka moto. Mama alikuwa chini, akitambaa kwa viwiko, mdomo wazi, na sauti haitoki.

"Usiingie kichwa kichwa!" Baba Stoo, aliyekuwa akipandisha taulo, alipiga kelele kutoka kwenye ngazi. "Ziba pua! Mvute mguu, mtoe nje haraka!"

Walimburuta hadi kwenye roshani. Mmoja alimmwagia maji machoni. Mwingine alikuja mbio na maziwa, akataka kumnywesha. Mama hakuweza kumeza hata mate. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Mkalimani alishika kichwa cha mama yake mapajani na kurudia neno moja tu, "Mama. Mama. Mama."

Hospitalini walimwekea Mama barakoa ya hewa. Saa nne zilipita kabla muuguzi hajatoka kuzungumza na binti.

"Alichanganya nini?" muuguzi aliuliza.

"Klorini na asidi ya choo."

Muuguzi alifumba macho kidogo. "Dada, hizo mbili hazikutani. Hata siku moja. Zikikutana hutoa hewa ya sumu. Hewa hiyo inaunguza macho, koo na mapafu. Kwenye chumba kisicho na dirisha inaweza kumuua mtu."

"Tulimtoa nje, tukamwosha macho, na mmoja akataka kumnywesha maziwa. Tungefanya nini?"

"Mlifanya vizuri kumtoa nje kwenye hewa safi na kumwosha macho kwa maji mengi. Mtu aliyevuta hewa hiyo msimpe maziwa. Maziwa hayafiki kwenye mapafu, na yanaweza kumpalia. Mleteni hospitali haraka, na mje na dumu lenyewe tulione." Akasita. "Kwani hamkuelezwa? Onyo huandikwa kwenye dumu kwa herufi kubwa."

Mkalimani alielewa sasa vile viganja vilivyokutana, uso uliokunjwa na kidole kilichotikiswa. Bwana Mgeni alikuwa amewakataza. Na yeye alikuwa amemshukuru, kisha akawaambia watu wafanye kile kile walichokatazwa.



Siku ya tatu, mwalimu wake wa Kiingereza alikuja hospitalini. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimkuta Mkalimani kwenye benchi la ukumbini.

"Umekosa vipindi vitatu," alisema, akaketi. "Nimesikia habari za mama. Pole sana, mwanangu. Anaendeleaje?"

"Anapumua kwa mashine." Kisha yote yakamtoka, kilio na maneno kwa pamoja. "Ni mimi, Mwalimu. Sikuelewa alichosema yule bwana. Niliitikia tu. Niliona nikiuliza nitaonekana sina adabu. Nitaonekana mjinga."

Mwalimu hakumbembeleza.

"Kosa lako ni kubwa," alisema. "Sitakudanganya. Lakini si lako peke yako. Wakubwa wa hoteli waliweka sumu mikononi mwa watu, wakaieleza kwa lugha wasiyoijua, wakaridhika na kichwa kimoja kilichoitikia. Na mimi nina langu. Siku ile walipokucheka, niliwanyamazisha tu, nikaendelea na somo. Ningesimamisha darasa zima. Niliwafundisha kushukuru na kuomba radhi, nikasahau kuwafundisha kuuliza."

"Lakini kumkatiza mkubwa..."

"Sikiliza. Adabu ni kumjali mtu. Ukimwitikia mtu jambo usilolijua, hujamheshimu. Umemdanganya kwa tabasamu. Anaondoka akijua kazi imeeleweka, kumbe haikueleweka. Kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, kwa lugha yoyote, kusema 'samahani, sijaelewa' ni adabu."

Alichukua daftari la binti, akaandika sentensi moja: *Sorry, I do not understand. Please say it again slowly.* Chini yake akaandika maana: Samahani, sijaelewa. Tafadhali rudia polepole.

"Kisha," alisema, "akimaliza kurudia, mwambie wewe mwenyewe ulivyoelewa. Kama umekosea, atakusahihisha hapo hapo. Ulimi ukikwama, onyesha kwa mkono. Ila usiitikie tu."

Wiki ya pili Mama aliondolewa barakoa. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza. Kila sentensi tatu alipumzika kama mtu aliyepanda mlima.

Wiki hiyo hiyo barua ilikuja kutoka hotelini. Mkalimani aliisoma akiwa amesimama. Ilisema Mama alipuuza maelekezo ya kazi. Ilisema maelekezo yalitolewa na kueleweka, na karatasi yenye alama ipo. Kwa hiyo Mama ameachishwa kazi kwa uzembe, na hoteli haitaendelea kulipia matibabu yake.

Mama alisikiliza hadi mwisho. "Uzembe," alisema. "Miaka kumi na moja. Mimi, mzembe."

Binti alipiga magoti kando ya kitanda. "Mama, nina jambo la kukuambia. Siku ile stoo, mimi..."

"Hukuelewa," Mama alisema.

Binti akainua uso.

"Nilijua," Mama aliendelea. "Nimekuzaa mimi. Ukiwa hujui kitu, unatabasamu hivyo tangu mtoto. Nilikuona. Nikasema moyoni, nikimwuliza mara ya pili mbele ya watu, nitamwaibisha." Akakohoa, akangoja pumzi irudi. "Nilijua, nikamimina."

Wakatazamana. Mmoja aliona haya kuuliza, mwingine aliona haya kumwumbua, na heshima hizo mbili zikamfikisha Mama kitandani.

"Nitakwenda kuwaambia," binti alisema.

"Usiende." Mama alimshika mkono. "Watakufukuza na wewe. Tutakula nini? Mimi jina langu limeshachafuka, liache. Mimi mtu mzima."

"Mama, mficha uchi hazai. Tumeshaficha, na tumeona."

Mama hakumpa ruhusa. Wala hakumwachia mkono upesi.

Ofisini walikuwapo wawili. Bwana Mgeni alikaa dirishani. Mwanamke aliyekuwa afisa wa wafanyakazi alikaa mezani, na faili la Mama lilikuwa mbele yake.

Mkalimani hakuketi. Alianza kwa Kiswahili. "Shikamoo, mama. Barua yenu ina uongo ndani yake, na uongo huo ni wangu. Mama yangu hakupuuza maelekezo. Maelekezo hayakumfikia. Mimi ndiye niliyesema tumeelewa, na sikuelewa. Niliwaambia wenzangu maneno ya kubuni."

Afisa aliweka kalamu chini. "Unajua unachokisema? Unajua naweza kukufukuza sasa hivi?"

"Najua."

Kisha akamgeukia Bwana Mgeni, akasema yale yale kwa Kiingereza. Kilikuwa Kiingereza kibovu. Kilikwama na kuvunjika, na mara mbili alilazimika kuanza upya. Hakutabasamu. Bwana Mgeni alipojibu kwa haraka, alimsimamisha kwa mkono na kusema ile sentensi ya kwenye daftari. Bwana Mgeni akarudia polepole. Alikuwa ameuliza: je, wale wengine sita, wao walielewa?

"Hapana," Mkalimani alijibu. "Mpaka leo wana madumu hayo hayo vyumbani, na mimi kwa aibu sikuwaonya."

Rangi ilimtoka Bwana Mgeni usoni. Alisimama, akatoka mbio, akapanda ngazi ghorofa kwa ghorofa akikusanya madumu kwa mikono yake. Ghorofa ya pili alimkuta mwanamke amefungua dumu la klorini, na la asidi liko wazi miguuni pake. Baada ya ajali ya Mama, dumu jipya liliwekwa kando kwa woga, kisha wiki hiyo kila mtu akaambiwa kwamba Mama alizidisha dawa tu. Hakuna aliyeambiwa kwamba dawa hizo hazikutani.

Mkalimani alipewa onyo la mwisho kwa maandishi, na akasimamishwa kazi mwezi mzima. Alistahili, na hakulalamika. Barua ya Mama ilifutwa, ikaandikwa nyingine iliyosema hakufanya uzembe. Hoteli ikakubali kulipia matibabu yake. Stoo, Baba Stoo aliweka dumu la asidi rafu ya juu na la klorini rafu ya chini, upande mwingine wa chumba, na juu ya kila moja akabandika onyo la Kiswahili kwa herufi kubwa. Tangu hapo hakuna karatasi iliyotiwa alama kwa mtu kuitikia kwa kichwa tu. Kila mfanyakazi aliyeelekezwa alirudia maelekezo kwa maneno yake mwenyewe, kwa lugha yake mwenyewe, na aliyekwama hakuchekwa. Wa kwanza aliyecheka alipewa fagio na Baba Stoo, akafagia stoo peke yake.

Darasani pia Mkalimani alirudi. Alinyosha mkono mara nne siku ya kwanza. Wapo waliocheka. Alingoja wamalize, kisha akauliza tena.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Mama hakuweza kupiga deki hata chumba chao. Alilala ameketi, mito mitatu mgongoni, maana akijilaza alibanwa. Kila wiki alikwenda kliniki peke yake na kurudi na jibu lile lile: "Wamesema naendelea vizuri." Alikuwa ameshaipiga pasi sare yake ya kazi, ikaning'inia mlangoni ikisubiri.

Alasiri moja, akikunja nguo, alisema, "Nifundishe ile sentensi yako."

"Ipi, Mama?"

"Ile ya kutoelewa. Nataka ya Kiingereza, wanione mtu."

Ilimchukua siku sita.

Mwezi wa tatu baada ya ajali binti aliomba ruhusa kazini, akamsindikiza kliniki. Daktari alikuwa na mwanafunzi wake. Waliinua picha ya mapafu kwenye mwanga, wakazungumza kwa Kiingereza juu ya kichwa cha Mama, mmoja akionyesha hapa, mwingine akionyesha pale. Kisha daktari akamgeukia. "Sawa, mama? Endelea na dawa."

Mkalimani alifungua mdomo. Mama akamgusa kifundo cha mkono, anyamaze.

"Sorry," Mama alisema. Alivuta pumzi. "I do not understand."

Mwanafunzi alitazama chini. Daktari aliishusha picha, akavuta kiti, akaketi mbele ya Mama, magoti yao yakikaribia kugusana.

"Shikamoo, mama," alisema. "Nisamehe. Nilipaswa kuanza hivyo."

"Marahaba. Niambie yaliyomo humo."

"Mapafu yako yaliungua. Yamepona kiasi, lakini yameacha makovu. Dawa itakupunguzia kubanwa. Haitayarudisha yalivyokuwa. Kazi ya dawa kali, moshi, vumbi, ngazi nyingi, basi tena."

"Kwa hiyo sitarudi kazini."

"Hutarudi, mama."

Mikono ya Mama ililala mapajani, viganja juu. "Nimekuja hapa kila wiki," alisema. "Hakuna aliyeniambia."

"Tulikuambia, mama. Ulikuwa unaitikia. Tulidhani umeelewa."

Binti aligeuza uso ukutani. Alilia bila sauti.

Mama yeye hakulia. "Sasa nimeelewa," alisema. Kisha akatoa mkobani kichupa cha dawa ya kuvuta kwa mdomo alichopewa hospitalini, akampa daktari. "Na hii nayo, mwanangu. Nionyeshe upya. Polepole."

"Nionyeshe wewe kwanza unavyoitumia," daktari alisema, akamrudishia.

Mama aliweka kichupa mdomoni, akabonyeza, akapuliza kwa nguvu zake zote. Dawa yote ikatoka hewani.

Daktari na mwanafunzi wake wakatazamana. Muda wote huo Mama alikuwa akiipuliza dawa nje.

Walianza upya. Tikisa kichupa. Toa pumzi kwanza. Weka mdomoni, bana midomo. Bonyeza, na wakati huo huo vuta ndani polepole. Shikilia pumzi ukihesabu hadi kumi. Mama alikosea mara mbili. Mara ya tatu alirudia yote kwa maneno yake, akafanya, na dawa ikaingia.

Mchana huo, walipofika nyumbani, Mama aliiondoa sare mlangoni, akaikunja, akaiweka chini ya sanduku. Kisha akatoa mto mmoja mgongoni. Akasikilizia. Akatoa wa pili. Alijilaza kwenye mto mmoja, kwa mara ya kwanza tangu ajali, akapitiwa na usingizi. Binti yake alikaa kando ya kitanda akiisikiliza pumzi. Ilikuwa na mluzi, na mluzi huo hautaondoka. Lakini iliingia, ikatoka, ikaingia tena.